Dogo amewekewa uloto wa dada yake, damu imegeuka kundi. Bado ni yuleyule?

#1 Mwana Nkuhungu (mleta mada)
Mbukwenyi wakuu.

Nina jambo linanisumbua na nyumbani limeshaleta maneno. Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 11, alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Waliolea mtoto wa hivyo wanajua: baridi ya Julai, saa nane usiku, mtoto kashika miguu analia, unachemsha maji, unatafuta dawa gizani, kukicha mnaenda kuongezwa damu. Mwaka juzi akapandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, hapahapa Dodoma. Aliyetoa ni dada yetu, akiwa na miaka 16, maana katika ndugu wote ni yeye tu vipimo vilivyolingana. Tangu hapo hajalazwa kwa maumivu hata mara moja.

Wiki iliyopita kapata homa, mama akampeleka zahanati ya mtaani. Kijana wa maabara akapima, akapima tena, akatoka na kadi mkononi: "Mama, umebeba kadi ya mtoto mwingine. Hii imeandikwa O, huyu ni B." Mama akaapa kwamba kadi ni ya huyuhuyu. Wakabishana pale dirishani, foleni nzima inasikiliza. Kumbe B ni kundi la dada.

Jumapili shangazi kaja kutoka Bahi, kasimuliwa. Kakaa kimya muda mrefu, halafu kasema: "Basi huyu siyo yule tuliyemtoa nje." Dada kacheka, mama kalia. Dogo alikuwa palepale mkekani anachora lori kwenye daftari, hakuinua kichwa.

Swali langu: mtu akiwa damu anayoitengeneza siyo yake tena bali ya mwingine, bado ni yuleyule? Na kama ndiyo, kitu gani ndani yake kinachomfanya awe yuleyule? Nawasilisha.

#2 Siti ya Mbele
Nakaa hapa na karanga zangu. Wajuvi wanakuja.

#3 Saruji Mbichi
Damu ni damu tu mkuu. Mimi nilidondoka kwenye jengo kule Mtumba nikaongezwa chupa 3 za watu nisiowajua. Sijaamka Mchaga, wala sijaanza kupenda biashara.

#4 Nesi Mstaafu
@Saruji Mbichi, pole, lakini ya kwako ni tofauti. Chembe nyekundu ulizoongezwa zinaishi siku 120 hivi hata zikiwa mwilini mwa mwenyewe. Wageni wako wote walishaondoka. Kwa huyu mtoto wamebadilisha kiwanda.

Kwanza anapewa dawa kali siku kadhaa za kuua uloto wake. Nywele zinadondoka, mdomo unatoka vidonda, analala chumba cha peke yake. Halafu ule wa dada unaingia kwa mshipa kama damu ya kawaida, kamfuko kananing'inia pale juu, saa chache kameisha. Wazazi wengi wanasubiri waone upasuaji mkubwa, wanauliza "ndiyo hivyo tu?" Chembe zenyewe zinajua njia, zinakwenda kukaa ndani ya mifupa, na baada ya wiki mbili tatu zinaanza kuzalisha. Kundi la damu linageuka polepole kwa miezi. Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa huduma hii kwa watoto wa selimundu ilianza 2023, kwa hiyo haya mambo ni mageni hata kwa wenzetu wa maabara za mtaani. Huyo kijana msimlaumu sana, alisoma alichokiona.

Na siyo kundi tu. Ukichukua damu ya dogo leo ukapima vinasaba utakuta XX. Damu inasema ni msichana.

#5 Siti ya Mbele
Karanga zimenipalia.

#6 Mzee Makole
Kwa hiyo ugonjwa umekwisha kabisa, na watoto atakaowazaa wamepona humohumo. Mimi nasema huyu ni mtu mpya, na ni mpya aliye bora. Shangazi ashukuru.

#7 Fundi Chang'ombe
Niongee kwa lugha ya gereji. Pikipiki ikija kwangu injini imekufa, nafunga nyingine, mwenyewe anakwenda kurekebisha kadi, maisha yanaendelea. Namba ya usajili ileile, na mwenyewe anaendelea kuiita kwa jina lake la ubavuni. Tairi, tangi, taa, siti, hivyo hata havihesabiki. Lakini ukigusa chasisi yenye namba, polisi watakuuliza vizuri. Damu ni injini. Sasa wasomi mtuambie chasisi ya binadamu iko wapi.

#8 Nesi Mstaafu
@Mzee Makole, hapana, na hili wazazi walisikie vizuri. Uloto ndio uliobadilika, siyo mbegu za uzazi. Dogo akikua akajaliwa watoto, atawapa kinasaba cha selimundu kutoka kwake mwenyewe, kila mtoto kimoja, kama vile hajawahi kutibiwa. Damu yake inaweza kusoma AA (hakuna kinasaba cha selimundu) au AS (kipo kimoja) kufuatana na dada alivyo, lakini watoto watarithi kwa yule wa zamani. Siku ya kuchumbia, asimwonyeshe binti wa watu cheti cha damu akadhani yamekwisha. Binti naye apime.

#9 Siti ya Mbele
Kwa hiyo damuni ni dada, kwenye uzazi ni yeye. Hapa nahitaji soda.

#10 Msomi wa Makulu
Habari wakuu. Swali la mleta mada na la Fundi ni la kale sana. Plutarch, Mgiriki, aliandika kuhusu meli ya Theseus iliyohifadhiwa Athens: mbao zilizooza zikatolewa moja moja zikawekwa mpya, na wenye hekima wakagawanyika, hawa wanasema ni ileile, hawa wanasema siyo. Karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza utata: je, mtu akiziokota zile mbao za zamani, akaziunga upya kwa mpangilio uleule? Sasa meli ziko mbili. Ya Theseus ni ipi?

John Locke yeye akaja na jibu kwamba mtu ni kumbukumbu zake. Nafsi ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zote, ikihamia kwenye mwili wa fundi viatu, basi yule ni mwana wa mfalme hata kama mikono inanuka gundi. Kwa Locke kesi ya dogo imekwisha: anakumbuka maisha yake, ni yuleyule.

#11 Fundi Chang'ombe
@Msomi, huyo Hobbes angepita kwangu ningemwonyesha. Ipo nyuma ya banda, nimeiunga kwa vitu vilivyotolewa kwenye pikipiki za watu sita. Inawaka. Haina kadi, kwa hiyo haina jina, na sithubutu kuivusha barabarani. Meli ya pili siku zote ndiyo inayokosa kadi.

#12 Binti Mpwapwa
Locke wenu hajakaa na bibi yangu.

Bibi ana miaka themanini na kitu, kumbukumbu zimeondoka. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja mpaka darasa la tano, leo nikiingia ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Anauliza mume wake amerudi kutoka mnadani? Babu tulimzika zamani. Kwa hesabu ya kumbukumbu, bibi ameshaondoka na kwenye kigoda kakaa mtu mwingine.

Lakini mpe ungo wenye uwele. Hamuulizi mtu. Anaurusha mara mbili, anaupuliza kwa pembeni hivi, makapi yanatoka upande mmoja, punje hata moja haidondoki. Akikuta kijiwe anakitoa kwa ukucha wa kidole cha mwisho, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, na anakirusha nyuma ya bega bila kutazama. Huo mkono naujua. Na ukimletea mlenda uliokosewa chumvi anakutazama kwa jicho lilelile la zamani. Sasa niambieni huyo anayenitazama ni nani.

#13 Msomi wa Makulu
Dada, umempiga Locke palepale alipopigwa na Thomas Reid karne iliyofuata. Reid alisema: mtoto anachapwa kwa kuiba matunda shambani. Anakua, anakuwa ofisa shujaa, anakumbuka zile fimbo. Anazeeka, anakuwa jenerali, anakumbuka alivyokuwa ofisa lakini fimbo kasahau kabisa. Basi jenerali ni ofisa, ofisa ni yule mtoto, halafu jenerali siyo yule mtoto. Haiwezekani.

#14 Saruji Mbichi
Jenerali amesahau fimbo? Basi hakuchapwa vizuri.

Ngoja niwape ya kwangu. Mwaka 2019 tunasajili laini kwa alama za vidole. Mimi ni fundi ujenzi miaka ishirini, saruji imekula vidole vyote. Naweka kidole gumba, mashine inagoma. Cha shahada, inagoma. Binti wa kampuni ya simu (siitaji) ananiambia nipake mafuta, nikapaka. Nipanguse, nikapangusa. Vidole kumi vyote. Mwisho kasema, "Baba, mfumo unasema siyo wewe." Nimesimama pale na kitambulisho chenye sura yangu, jina langu, na mashine inaniambia siyo mimi. Nilirudi wiki iliyofuata baada ya kukaa siku nne bila kugusa zege, ikakubali. Kwa hiyo siku zile nne bila kazi ndizo zilizonirudisha kuwa mimi.

#15 Nusu Kadi
Nyie mnaongelea kubadilishwa, mimi nilinakiliwa. Nilinunua simu mpya, nikahamisha kila kitu, picha, majina, ujumbe. Ya zamani nikampa mama watoto kwa moyo mweupe. Nikasahau kufuta. Nikajikuta niko wawili, mmoja mfukoni mwangu na mwingine mkononi mwa mke wangu, na yule wa mkononi mwa mke ndiye aliyekuwa anasema ukweli.

#16 Siti ya Mbele
@Nusu Kadi, ndoa ipo?

#17 Nusu Kadi
Ipo. Laini tu nilibadilisha, namba ileile.

#18 Mwalimu wa Baiolojia
Mbona mnahangaika? Kila baada ya miaka 7 mwili wote unakuwa mpya. Mleta mada mwenyewe siyo yule aliyeshuhudia dogo akizaliwa miaka 11 iliyopita. Wote humu ni vivuli.

#19 Nesi Mstaafu
Mwalimu, hiyo ya miaka 7 ni hadithi ya kijiweni. Kila kiungo kina saa yake. Utando wa ndani wa utumbo unabadilika kwa siku chache, ngozi ya juu kama mwezi, mifupa inachukua miaka mingi. Lakini chembe za neva za gamba la ubongo, nyingi ulizaliwa nazo na utakufa nazo. Watafiti wa Sweden walipima hili 2005 kwa kutumia kaboni iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, kaboni hiyo inaingia mwilini kwa chakula na kuacha alama ya mwaka chembe ilipozaliwa. Na katikati ya lenzi ya jicho pale pametengenezwa kabla hujazaliwa, hapabadilishwi.

#20 Mwalimu wa Baiolojia
Nimerekebishwa, asante. Basi jibu la Fundi limepatikana, chasisi iko kichwani.

#21 Fundi Chang'ombe
Bibi wa Mpwapwa chasisi yake imeliwa na kutu na bado mjukuu anamtambua. Sikubali haraka.

#22 Mzee wa Hombolo
Nimesoma kimya kimya, sasa mnisikilize mkulima. Zabibu hatupandi kwa mbegu. Unapogoa, unachagua tawi lililokomaa, unakata kipando, unakiweka kwenye kiriba mpaka kitoe mizizi. Shamba langu lote la ekari 2 limetoka kwenye mizabibu michache ya marehemu baba, na yeye alipata vipando kwa jamaa wa upande wa Bihawana, kulikokuwa na wamisionari. Mzabibu wa kwanza ulishakauka, kisiki tukakifanya kuni. Lakini ukila zabibu ya kwangu unakula ileile. Siyo mtoto wake, ni wenyewe. Ugonjwa ukiingia unapiga mti hadi mti, maana wote ni mmoja, hakuna mwenye kinga ya peke yake.

Sasa uniulize ipi ni ya baba. Nitakwambia zote. Lakini upo mmoja kwenye kona karibu na tangi la maji, aliushika mkono wake mwenyewe akaufunga kwenye nguzo. Huo siuuzi kipando. Akili inaniambia ni upuuzi.

#23 Mama Kulwa
Mimi nina Kulwa na Doto wa kufanana, vinasaba vile vile, na nawaambia siyo mtu mmoja hata kwa dakika. Vidole tu alama zake ni tofauti. Kulwa anaiba sukari, Doto anachapwa. Mwenye uji wa sukari mdomoni ndiye Kulwa, huo ndio utambulisho wetu.

#24 Mtumishi
Roho ndiyo mtu, mwili ni nguo. Nguo imewekwa kiraka. Mbarikiwe.

#25 Msomi wa Makulu
@Mtumishi, roho unaitambuaje ukiwa dirishani zahanati na kadi mbili mkononi?

#26 Mtumishi
Wewe endelea na Wagiriki wako.

#27 Mgogo wa Nzuguni
Mbona hakuna aliyeuliza la msingi? Mleta mada, dogo ana jina la nani?

#28 Mwana Nkuhungu (mleta mada)
Asanteni wote. @Nesi, ni kweli, na chanjo amerudia zote. Mtoto wa darasa la tano tulikaa naye benchi moja na akina mama wenye vichanga, alikuwa anaficha uso kwa kofia.

@Mgogo wa Nzuguni, ana jina la babu, mzaa baba yetu. Yaani baba yake shangazi. Alizaliwa miezi michache baada ya mzee kufariki. Shangazi tangu siku ile humwita "baba". Akija na zawadi anasema nimemletea baba yangu. Mtoto akimkosea heshima, shangazi anasema baba ananigombeza.

#29 Mgogo wa Nzuguni
Nilijua. Basi mmekuwa mkijibu swali lisilo la shangazi. Yeye hakuuliza kama mpwa wake ni yuleyule. Alishampata baba yake aliyekufa ndani ya mtoto, akaridhika, miaka 11. Huyo mama hana shida na kubadilishwa, ndiye bingwa wa kubadilishwa kuliko wote humu. Sasa mmemwambia kwamba damu imetoka ikaingia nyingine. Kwake ni msiba wa pili.

#30 Mwalimu wa Baiolojia
Lakini damu iliyoingia ni ya dada, naye ni mjukuu wa mzee yuleyule! Ukoo haujatoka. Mwambieni hivyo.

#31 Nesi Mstaafu
Mwalimu, leo sikuachii. Kromosomu Y dogo aliipata kwa baba, na baba aliipata kwa huyo babu. Ndicho kitu pekee kinachotembea baba kwa mwana bila kuchanganywa. Na kwenye damu ndiyo iliyopotea, maana dada hana. Kwa hiyo shangazi bila kupima chochote kasema jambo ambalo maabara ingelithibitisha nusu. Nusu tu, kwa sababu kwenye ngozi, nywele, misuli na mbegu babu bado yupo. Na siku wakienda kwa Mkemia Mkuu kupima vinasaba kwa shauri lolote, watangulize kusema kwamba alipandikizwa, hata mate yanaweza kutoka mchanganyiko.

#32 Saruji Mbichi
Shangazi mwenyewe hiyo Y hana hata moja, na anadai baba yake. Kesi hii apewe Kulwa.

#33 Mzee Makole
Hata mji huu. Mimi nimezaliwa hapa kabla ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu. Jina lenyewe wanasema lilitokana na tembo aliyezama, idodomya. Tembo hayupo, tope halipo, mibuyu imebaki ya kuhesabu, majirani wote ni wageni wa wizara, na 2018 tukapewa cheo cha jiji. Kila ubao umebadilishwa. Nikishuka kwenye treni ya umeme nikaona vumbi jekundu linapanda kwenye viatu, najua nimefika. Labda dogo naye ana vumbi lake.

#34 Binti Mpwapwa
@Mzee Makole, hiyo ya vumbi nimeipenda. Mleta mada, kuna kitu dogo anafanya ambacho hata gizani ungemjua?

#35 Mwana Nkuhungu (mleta mada)
Kipo. Akila ugali anamega vipande vyote kwanza, anavipanga ukingoni mwa sahani kama askari, ndipo anaanza. Kabla ya uloto na baada ya uloto. Wodini alikuwa hawezi kumeza, lakini alivipanga. Dada hafanyi hivyo.

Shangazi kapiga simu jana usiku. Kauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Mtoto. Mama kamjibu anaendelea vizuri, wakaongea habari za mvua na bei ya karanga, simu ikakatika. Mama kakaa na simu mkononi muda mrefu.

#36 Mgogo wa Nzuguni
Kuuliza kauliza. Mpelekeni Bahi, ale mbele yake. Babu yenu alikuwa anakulaje ugali?

#37 Mwana Nkuhungu (mleta mada)
Mimi sikumbuki, nilikuwa mdogo. Nitamuuliza baba.

#38 Nesi Mstaafu
Mkienda msisahau dawa zake, na kofia, jua la Bahi siyo la mchezo.

#39 Siti ya Mbele
Nje ya mada: @Mzee wa Hombolo, vipando unavyo? Niko Ihumwa, nina ua mkubwa hauna kitu.

#40 Mzee wa Hombolo
Njoo baada ya mavuno nikipogoa. Njoo na viriba vyako, na usije ukaniomba ule wa kwenye tangi.